Nani Analipia Picha za Nyumba Nzuri?

Sisi wapenzi wa majarida ya mapambo ya nyumba tuna siri moja isiyofichika: hatupambi nyumba. Au tuseme hatupambi kwa kiwango ambacho mtu angekitarajia akiona rundo lililo chini ya meza zetu. Tunasoma kwa makini habari za sakafu za marumaru ambazo hatutazikanyaga, tunabishana kimoyomoyo na mpambaji tusiyemjua kuhusu pazia alilomchagulia mtu tusiyemjua, tunakunja pembe ya ukurasa wenye ukuta wa kijani kibichi, na ukuta wetu unabaki na rangi ileile aliyoiacha mpangaji aliyetutangulia. Mwezi ukiisha tunanunua toleo jingine.

Zamani tabia hii haikuhitaji utetezi kwa sababu ilikuwa nyepesi mfukoni. Jarida lilikuwa kitu cha kuongezea juu ya manunuzi mengine bila kufikiri mara mbili. Siku hizi unalishika, unaligeuza kutafuta bei, unalirudisha kwenye rafu, unazunguka kidogo, unarudi kulitazama tena. Matoleo ya mwaka yamepungua, kurasa zimekonda, bei imekwenda juu, na majarida kadhaa tuliyoyazoea hayachapishwi tena kabisa. Nimekuwa nikifuatilia sababu zake kwa udadisi wa mtu anayetaka kujua pesa yake inaishia kwa nani, na kadiri nilivyofuatilia ndivyo hasira yangu ilivyohama. Bei yenyewe nimeielewa. Kinachonikera sasa ni aina ya nyumba zinazobaki kwenye kurasa bei ikishapanda.

Lakini kwanza mvuto, maana bila huo hakuna ambaye angejali karatasi inauzwaje.

Picha ya nyumba ndani ya jarida ni uongo mtamu, na msomaji anajua hivyo. Kabla mpiga picha hajabonyeza chochote, kuna mtu ambaye kazi yake ni kupanga tu: anaficha nyaya za taa nyuma ya miguu ya meza, anaondoa rimoti, chaja na chupa za dawa, anasogeza kochi hadi mahali ambapo mtu hawezi kupita lakini kamera inapapenda, analeta maua makubwa ambayo mwenye nyumba hajawahi kuyanunua. Majarida mengi ya Ulaya na Marekani hupiga picha za Krismasi miezi mingi kabla, kwenye joto la kiangazi, wapangaji wa vitu wakitokwa na jasho kando ya mti uliojaa theluji ya bandia.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 1960. Jarida la Arts & Architecture, chini ya mhariri wake John Entenza, lilikuwa limetangaza mwaka 1945 mpango wa kujenga nyumba za mfano, na nyumba namba 22 ya mpango huo ilibuniwa na msanifu Pierre Koenig juu ya kilima huko Los Angeles. Julius Shulman aliipiga picha usiku: chumba cha vioo kimening'inia juu ya giza, wasichana wawili wameketi ndani wakizungumza, na chini yao taa za jiji zimetandazwa hadi macho yanapokomea. Wasichana wale hawakuwa wakazi wa nyumba ile. Nyumba yenyewe ilikuwa haijakamilika. Taa za jiji zilinaswa kwa kuiacha lenzi wazi kwa dakika kadhaa, kisha ndani kukamulikwa kwa flashi ili wasichana waonekane. Yote hayo nayajua, na bado nikiiona picha ile nataka kuketi pale.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba majarida haya yanatudanganya. Tunayalipa yatudanganye vizuri.

Hoja nzito zaidi ni ile ya simu. Picha za nyumba nzuri zimejaa kwenye simu, bure, usiku na mchana, kwa nini ulipie chache? Nimeijibu hoja hii kwa njia nyingi na jibu ninalolirudia ni kwamba picha ya kwenye simu haina ukoo. Inakuja peke yake: jiko bila sebule, kitanda bila dirisha, bafu ambalo hujui liko nchi gani wala nani anaogea humo. Jarida linakupitisha mlangoni. Linakuonyesha ukumbi mwembamba kabla ya chumba kikubwa, linakwambia mwenye nyumba anafanya kazi gani na kwa nini aliuacha ule ukuta wenye ufa, na mwisho linakutoa upande wa bustani. Unajua umetembelea mahali. Halafu linaisha, na kuisha huko ni nusu ya raha. Simu haiishi.

Tena simu inakujua mno. Ukisimama sekunde mbili kwenye rafu za mbao, kesho utaletewa rafu za mbao mpaka uzichukie. Mhariri wa jarida hakujui na hajali unapenda nini, na huko kutojali ndiko ninakokulipia. Elizabeth Gordon, aliyehariri House Beautiful kuanzia 1941 hadi 1964, alikuwa mfano mkali wa jambo hili. Mwezi Aprili 1953 aliandika makala ya kuushambulia waziwazi usanifu wa vioo na chuma uliokuwa ukisifiwa na wakubwa wote wa fani, akidai unawapangia watu maisha ya kujinyima kwa jina la uzuri. Wasanifu wengi walikasirika. Frank Lloyd Wright, msanifu mashuhuri wa Marekani, alimuunga mkono. Miaka saba baadaye, Agosti 1960, mhariri huyohuyo aliwapa wasomaji wake wa Marekani toleo zima juu ya uzuri wa Kijapani, wasomaji ambao kwa hakika hawakuwa wameliomba. Kwa makala ile ya 1953 nadhani alipindukia sana, hasa pale alipolifanya suala la meza na viti kuwa tishio kwa taifa. Lakini mtu aliye tayari kugombana na msomaji wake kuhusu kiti ni mtu anayekiheshimu kiti, na anamheshimu msomaji.

(Kuna pia ule ukurasa wa nyuma, wenye herufi ndogo, unaoorodhesha kila kitu kilikotoka. Taa hii, zulia lile, kitasa cha mlango. Na pembeni ya vitu vilivyo vizuri kuliko vyote: bei hutolewa kwa atakayeuliza. Sijawahi kuuliza. Anayepaswa kuuliza ameshajibiwa.)

Sasa pesa.

Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, bei tuliyolipia majarida haya haikuwa bei yake. Jarida lilikuwa na wateja wawili: msomaji aliyelinunua, na kampuni ya rangi, sakafu, majiko au samani iliyonunua macho ya msomaji huyo. Wa pili ndiye aliyelipa sehemu nono ya gharama. Mchapishaji aliwaahidi watangazaji idadi fulani ya wasomaji, na ili kuitimiza ahadi hiyo alikuwa tayari kuuza usajili wa mwaka kwa pesa ambayo wakati mwingine haikutosha hata kuchapisha na kuposti. Zile kadi za usajili zilizokuwa zikidondoka kutoka katikati ya kurasa, zikitangaza punguzo la kushangaza, hazikuwa ukarimu. Msomaji ndiye aliyekuwa bidhaa. Better Homes and Gardens, lililoanzishwa na Edwin Meredith mwaka 1922 huko Des Moines, Iowa, kwa miaka mingi lilisambaza zaidi ya nakala milioni 7 kwa kila toleo. Idadi kama hiyo haijengwi kwa bei halisi.

Mfumo huo ulianza kubomoka soko la nyumba la Marekani lilipoporomoka. Watu wakiacha kununua nyumba, wanaacha kununua rangi na makochi, na mtengeneza makochi anaacha kutangaza. House & Garden ya Marekani, iliyokuwapo tangu 1901, ilifungwa kwa toleo la Desemba 2007, ingawa dada yake wa Uingereza yupo hadi leo. Cottage Living likafuata 2008. Mwaka 2009 pekee yalikwenda Domino, Country Home na Metropolitan Home. Watangazaji waliporudi sokoni walikuta duka jingine limefunguliwa: Houzz, tovuti ya picha na bidhaa za nyumba, ilianza 2009, Pinterest na Instagram 2010. Kwa nini ulipie ukurasa mzima katika jarida linalosomwa na watu milioni, wengi wao wakiwa kama mimi, hawana mpango wa kununua kochi, wakati unaweza kumfuata kwenye simu yule mmoja aliyetafuta kochi jana usiku?

Mteja wa pili akaondoka mezani, na bili ikabaki kwa wa kwanza. Hiyo ndiyo habari yenyewe ya bei, kwa kiasi kikubwa. Mengine yameiongezea.

Yaliyoongezea si madogo. Karatasi ya jarida la nyumba si ya gazeti. Inapakwa tabaka juu ili wino usizame na rangi zisichujuke, maana zulia jekundu likitoka la hudhurungi jarida limekwisha. Viwanda vya karatasi ya namna hiyo vimekuwa vikifungwa au kugeuzwa kutengeneza vifungashio, kwa kuwa mahitaji ya karatasi ya kuchapia yanashuka na ya maboksi yanapanda. Kiwanda cha Wisconsin Rapids huko Marekani kilisimamishwa 2020. Mwaka huohuo kampuni ya karatasi ya UPM ilifunga kiwanda cha Kaipola, Finland, na 2021 kampuni nyingine, Stora Enso, ikafunga Veitsiluoto, Finland, na Kvarnsveden, Sweden. Mapema 2022 wafanyakazi wa UPM nchini Finland waligoma kwa karibu miezi minne, na kabla soko halijatulia bei ya nishati barani Ulaya ikaruka. Ninachokitazama kwa kicheko chungu ni lile boksi. Kochi lililoagizwa kwa simu linafika mlangoni ndani ya boksi lililochukua nafasi ya karatasi ya jarida ambalo zamani lingekuonyesha kochi hilo.

Posta nayo. Karatasi iliyopakwa ni nzito, na uzito ndio unaolipiwa. Tangu Agosti 2021 Posta ya Marekani imekuwa ikitumia ruhusa mpya ya kupandisha viwango vyake kupita kasi ya mfumuko wa bei. Na kwenye rafu za maduka kuna hasara ya kizamani ambayo msomaji haioni: nakala nyingi zaidi zinapelekwa dukani kuliko zinazonunuliwa, na zisizouzwa hurudishwa kusagwa. Ukilipia moja, umelipia na dada zake waliokufa.

Wachapishaji wamejibu kwa njia mbili, na mojawapo ya njia hizo siipendi hata kidogo. Nazungumzia yale matoleo maalumu mazito yanayokaa rafuni miezi mitatu, hayana tarehe inayoonekana vizuri, matangazo ni machache au hakuna, na bei ni mara mbili au tatu ya jarida la kawaida. Jina la jarida unalolijua limeandikwa juu, chini yake kichwa kama vile nyumba ndogo, majiko meupe, au bustani za mbele. Ukifungua, mengi ni makala za zamani zilizopangwa upya. Nilinunua moja, mchapishaji wake simtaji, nikakutana na jiko nililokwisha kulisoma kwenye jarida lilelile miaka kadhaa nyuma, bakuli la ndimu mahali palepale. Kuuza upya si dhambi. Lakini tarehe iandikwe.

Njia ya pili ni kulifanya jarida kuwa kitu cha kuhifadhi. Litoke mara nne kwa mwaka, au mara mbili. Karatasi iwe nzito. Mgongo uwe wa gundi kama kitabu. Bei iwe ya kitabu. Domino lilirudi 2013 kwa mtindo huo wa mara nne. Apartamento, lililoanzishwa Barcelona mwaka 2008, hutoka mara mbili tu kwa mwaka. Na hapa ndipo ninapofika kwenye kero yangu, kwa sababu Apartamento ni jarida ninalolipenda. Linaonyesha nyumba jinsi watu wanavyoziishi: vyombo havijaoshwa, vitabu viko sakafuni, vyumba ni vya kupanga, kochi limerithiwa kwa rafiki aliyehama. Ni jarida la watu wasio na nyumba kubwa. Na linagharimu kiasi ambacho wengi wa watu hao wangefikiria mara tatu kabla ya kulitoa. Silaumu; bila matangazo mengi lazima mtu alipe. Nasema tu kwamba picha ya chumba cha kupanga imekuwa kitu cha kuwekwa juu ya meza ya kahawa ya mwenye nyumba yake.

Linganisha na majarida haya yalikoanzia. Mwaka 1895 Edward Bok, mhariri wa Ladies' Home Journal, alianza kuchapisha michoro ya nyumba za kujengwa kwa dola 1,500 hadi 5,000, na msomaji aliyetaka michoro kamili aliipata kwa dola 5. Alikuwa akifikiria mtu mwenye mshahara wa kawaida na kiwanja kidogo. Toleo la Februari 1901 lilikuwa na mchoro wa Frank Lloyd Wright mwenyewe, wa nyumba ya mji mdogo wa nyikani, ukiwa ndani ya jarida la bei nafuu lililosomwa na mamia ya maelfu ya watu. Wasanifu wengi mwanzoni walikataa kushiriki kwa kuhofia kushushwa hadhi. Bok alichukua walewale waliokubali na akaendelea.

Au chukua katalogi ya IKEA, kampuni ya samani iliyoanzia Sweden, ambayo wenye dharau hawaiiti jarida. Ilianza 1951. Mwaka 2016 zilichapishwa nakala zipatazo milioni 200, katika lugha 32, na zikagawiwa bure. Sehemu kubwa ya picha zake za miaka ya mwisho zilitengenezwa na kompyuta, kwa hiyo hata chumba hakikuwapo. Hata hivyo ndani yake kulikuwa na vyumba vya watu watatu kulala pamoja, majiko ya upana wa mikono miwili, kitanda kilichoinuliwa juu ili meza ikae chini. Toleo la 2021 ndilo la mwisho. Martha Stewart Living, lililoanza 1990 na kuwafundisha watu wa kawaida kukunja, kushona na kupaka rangi wenyewe, liliacha kuchapishwa 2022. Architectural Digest, lenye nyumba za watu maarufu, lipo na linashamiri.

Sioni njama yoyote hapo. Ni hesabu. Watangazaji waliobaki kwenye karatasi ni wale wa vitu vya anasa, kwa sababu ukurasa unaong'aa bado unauza saa, mabomba ya dhahabu na vitambaa vinavyopimwa kwa sentimita. Hao wanataka msomaji mwenye uwezo. Msomaji mwenye uwezo anaonyeshwa nyumba za wenye uwezo. Bei inachagua msomaji, msomaji anachagua nyumba, na baada ya miaka michache hakuna tena dari ya chini kwenye kurasa zote mia mbili.

Haki itendeke: msomaji anapolipia gharama halisi, jarida linapata uhuru ambao zamani halikuwa nao. Wakati wa matangazo mengi ungeona zulia likisifiwa ukurasa wa kushoto na tangazo la zulia hilohilo ukurasa wa kulia, na ukaambiwa ni bahati. The World of Interiors, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1981 chini ya Min Hogg, lilijijengea jina kwa kutojali kabisa ladha ya kawaida: kasri linalobomoka kidogo kidogo, kibanda cha mchungaji, karakana ya fundi, vyote kwa uzito uleule. Nyumba mbovu yenye moyo ilipewa kurasa nyingi kuliko hoteli mpya. Ujasiri wa namna hiyo unahitaji wasomaji walio tayari kuulipia.

Kwa upande wangu nimejipanga hivi. Usajili niliubakiza mmoja. Maktaba nyingi sasa humruhusu mwanachama kusoma majarida kwa programu ya simu au tableti bila malipo, nami natumia huduma hiyo kwa yale ninayotaka kuyapitia tu, ingawa picha ya kurasa mbili ikikatwa katikati kwenye kioo kidogo ni afadhali usiione. Na nanunua ya zamani, yaliyotumika, kwa mafungu. Hayo ndiyo yananipa raha kubwa kuliko yote. Zulia la kahawia linalopanda hadi kwenye beseni la kuogea, kuta za vioo vya moshi, wino uliopauka, matangazo ya vinasa sauti vikubwa kama kabati. Hakuna kinachokushawishi ununue chochote, kwa kuwa hakuna kinachouzwa tena. Unabaki na nyumba na watu waliozipenda.

Kama kuna mhariri anayesoma hapa, ombi langu ni dogo na halihitaji karatasi nzito zaidi. Kila toleo litenge kurasa nane kwa nyumba moja ya kupanga, ya vyumba viwili au pungufu, dari la chini, dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mpeleke mpiga picha yuleyule mnayempeleka kwenye kasri. Andikeni mkazi wake aliyapata wapi mapazia na alilipa kiasi gani, kitu kwa kitu, bila kumwambia msomaji aulize. Bok alifanya hivyo kwa nyumba nzima, hadi gharama ya ujenzi. Toleo hilo mkilipandisha bei, mimi sitaligeuza kutazama nyuma.